"Madamu, si mimi, ni mkono"
Mtoto akibadilika ghafula, tutazame mwili kabla ya kutafuta mlozi

Wiki hii naomba kuongea nanyi kama mzazi na kama mwalimu. Habari nitakayosimulia inaanza na kosa langu mwenyewe. Mama ya mtoto amenipa ruhusa kuisimulia. Jina la mtoto, la shule na la kituo cha afya nimeyaacha, maana jambo lenyewe linaweza kuingia katika nyumba ya yeyote kati yetu hapa Bukavu.

Mwaka jana nilikuwa na msichana wa miaka 10 katika darasa la tano. Mama yake anauza sambaza sokoni, baba yake ni fundi wa mbao. Alikuwa mtoto mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kayee yake niliwaonyesha wengine kama mfano. Alipenda kufuta ubao, na alipenda kuimba.

Baada ya likizo ya Pasaka alirudi mtoto mwingine. Ndani ya juma moja tu mwandiko wake ulitoka kwenye mistari, ukapanda na kushuka kama njia ya mlimani. Biki ilimtoka mkononi, rula ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Nilipokuwa nasoma, yeye alikunja uso, akatoa ulimi, akapandisha bega, na darasa lote likacheka. Nilifikiri ananidhihaki. Mara analia bila sababu, mara anacheka. Akaanza kuomba ruhusa kila wakati aende kunawa mikono. Akirudi, anaomba tena. Neno moja alilifuta na kuliandika upya mpaka karatasi ikapasuka.

Siku moja uvumilivu uliniishia. Nilimpigisha magoti mbele ya wenzake. Akapiga magoti, lakini mkono wake wa kuume haukutulia, ulikuwa ukiruka na kujinyonga peke yake. Nikamwambia aache mchezo. Akanitazama na machozi, akasema: "Madamu, si mimi, ni mkono."

Mimi nikamjibu: "Basi, mkono wako nao upige magoti."

Darasa likacheka. Maneno hayo nayakumbuka kila siku.

Nyumbani walikuwa wakisema nini

Siku tatu baadaye mama yake alikuja kuniona. Alitaka kumwombea mtoto ruhusa ya majuma mawili. Nyumbani mtoto alikuwa amevunja vikombe, kijiko cha uji kilikosa mdomo, na kutembea kwake kulikuwa kwa kuyumba. Usiku alikataa kulala peke yake, naye hakuwa mtoto mwoga. Nyanya yake alisema ni roho ya marehemu. Jirani alisema amepewa karuho. Shangazi mmoja alisema neno ambalo kila mama analiogopa: labda mtoto mwenyewe ni mlozi, ndiyo maana kazi ya baba haiendelei. Katika chumba kimoja cha maombi walikuwa wamekubali kumpokea, akae huko siku saba, afunge bila kula, waombe mpaka roho itoke.

Mama alisema hayo yote kwa sauti ya chini, kisha akaongeza jambo lililonishangaza: "Lakini Madamu, akilala usingizi, anatulia kabisa. Mkono hauchezi hata kidogo."

Sikuwa na jibu. Lakini nilikumbuka kwamba katika chama chetu tuna mama mmoja aliyefanya kazi ya anfirmie miaka mingi. Nikamwomba mama ya mtoto twende kwake kwanza, kabla ya mambo ya kufunga. Alikubali, na hapo ndipo habari ilipogeuka.

Yule mama muuguzi hakuuliza habari za ulozi. Aliuliza: "Katika miezi iliyopita, mtoto aliumwa koo?" Mama akafikiri, akasema ndiyo, mwezi wa pili, koo lilivimba, akawa na homa siku tatu au nne. Walimpeleka kwa mkata kilimi, homa ikapoa, wakasahau.

Muuguzi akampa mtoto vidole vyake viwili, akamwambia: "Vibane, usiviachie." Mtoto akabana, akalegeza, akabana, akalegeza, kama mtu anayekamua ng'ombe. Akamwambia atoe ulimi na kuuweka nje. Ulimi ukatoka na kurudi ndani, ukatoka na kurudi, mtoto hakuweza kuuzuia. Kisha akasikiliza moyo. Alisikiliza muda mrefu. Mwisho akasema: "Huyu aende hospitali kesho asubuhi. Maombi mtamfanyia njiani."

Ugonjwa wenyewe

Hospitalini daktari alitueleza kwamba ugonjwa huo unaitwa korea ya Sydenham. Jina hilo halihusu nchi ya Korea. Linatoka katika Kigiriki, maana yake kucheza ngoma, kwa sababu ya jinsi mikono na miguu inavyoruka. Sydenham ni daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1686. Katika Kifaransa tulisikia pia jina la zamani, ngoma ya Mtakatifu Guy. Wazungu wa zamani nao walidhani ni mambo ya roho. Kwa hiyo tusione haya kwamba sisi pia tulidhani hivyo. Aibu ni kubaki hapo baada ya kujua.

Ugonjwa huo unaanzia kooni. Kuna kijidudu kinachoitwa streptokoki, kinachopita kwa kikohozi na mate kutoka mtoto hadi mtoto, hasa pale wanapolala wanne katika kitanda kimoja au wanapobanana darasani. Mwili unatuma askari wake kupigana nacho. Kwa watoto wengi askari wanashinda na kurudi kambini. Lakini kwa watoto wengine askari hao wanakosea. Ni kama askari wa doria anayemkamata mpita njia kwa sababu shati lake linafanana na la mwizi. Wanashambulia viungo vya mwili, wanashambulia moyo, na mara nyingine wanashambulia sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mienendo ya mikono na miguu. Sehemu hiyo inahusika pia na mambo ya moyoni: hasira, woga, kilio, na mawazo yanayorudi-rudi bila kuitwa. Ndiyo maana mtoto wetu alikuwa ananawa mikono bila kuchoka. Haukuwa utundu wala pepo.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba unachelewa. Maumivu ya viungo na homa ya baada ya koo huja kwa kawaida majuma mawili au matatu baadaye. Lakini korea inaweza kuja baada ya miezi, hata miezi sita. Mama anakuwa amekwisha kusahau lile koo. Mara nyingi pia tabia inabadilika kwanza, halafu mikono inafuata. Unawapata hasa watoto wa miaka 5 mpaka 15, na wasichana kuliko wavulana.

Na jambo kubwa kuliko yote: katika watoto wengi wenye ugonjwa huu, moyo nao umeguswa, hata kama mtoto halalamiki kifua. Milango midogo ya moyo inapitisha damu upande mmoja tu. Ikiharibika, damu inarudi nyuma, na moyo unachoka kabla ya wakati wake. Mkono unaoruka tunauona wote. Moyo hatuuoni. Kwa hiyo kila mtoto mwenye korea anapaswa kufanyiwa ekografi ya moyo. Binti yetu alifanyiwa, kwa msaada wa mfuko wa likelemba yetu, na ikaonekana mlango mmoja haufungi vizuri. Daktari alisema tumemleta kwa wakati.

Si kila badiliko ni ugonjwa huu

Wamama, mimi ni mwalimu, si daktari. Siandiki haya ili mtu aone mkono wa mtoto unatikisika na kusema "ni ule ugonjwa wa gazeti letu". Mtoto anaweza kubadilika ghafula kwa sababu nyingi, na nyingine zinaua katika saa chache. Haya ndiyo niliyofundishwa kuyatazama kwanza.

Mtoto mwenye homa anayeanza kupayuka, kutotambua watu, kusinzia bila kuamka vizuri, au kupata degedege, huyo ana hatari ya malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, hasa kama shingo imekaza na mwanga unamsumbua. Huyo hangoji asubuhi. Anahitaji kipimo cha malaria na sindano katika kituo cha afya usiku huohuo. Akiwa katika degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, wala kijiko wala dawa. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu.

Mtoto aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika, halafu shingo ikajipinda, macho yakapanda juu na ulimi ukatoka, anaweza kuwa amedhuriwa na dawa hiyo yenyewe. Jambo hilo linatisha sana, watu wanalia kwamba ni pepo, lakini hospitalini lina dawa inayolituliza upesi. Chukua kile kikaratasi au chupa ya dawa, uende nayo.

Mtoto aliyeumwa na mbwa majuma au miezi iliyopita, na sasa ana fujo na anaogopa maji, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Hapo tumechelewa mno. Ndiyo maana kila jeraha la mbwa lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 siku ileile, kisha mtoto apelekwe kwa chanjo.

Kuna kifafa pia, ambacho si laana na kina vidonge. Kuna sumu: dawa ya panya, dawa ya wadudu iliyowekwa katika chupa ya Fanta, majani au mbegu za porini. Na hapa kwetu Kivu kuna watoto waliokimbia vita, walioona mambo ambayo mtoto hapaswi kuona. Huyo anaweza kunyamaza kabisa, kushtuka kwa kila kishindo, kukojoa kitandani tena. Naye anahitaji mtu wa kumsikiliza, si fimbo.

Pia wako watoto ambao mikono yao haichezi, lakini ndani ya siku moja au mbili wanakuwa watumwa wa mawazo: kunawa bila mwisho, kukagua mlango mara ishirini, au kukataa kula kwa kuogopa kwamba chakula kitawadhuru. Pamoja na hayo wanaogopa, wanakasirika, wanaongea kama watoto wadogo, hesabu walizozijua jana leo hawazijui. Huko Marekani daktari Susan Swedo na wenzake waliandika mwaka 1998 juu ya watoto 50 wa namna hiyo, ambao dalili zao zilifuatana na streptokoki. Wakaupa ugonjwa huo jina fupi la PANDAS. Baadaye waganga waliona kwamba badiliko kama hilo la ghafula linaweza kuwa na chanzo kingine, wakaongeza jina la PANS. Mpaka leo hawajapatana wote juu ya chanzo wala juu ya matibabu, na hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kusema ndiyo au hapana. Daktari anafika hapo baada ya kuondoa magonjwa mengine moja moja. Lakini funzo kwetu ni lilelile: tabia ya mtoto ikigeuka ghafula, mwili wake uulizwe kwanza.

Mama anaweza kufanya nini nyumbani

Daktari hakai nasi nyumbani. Anachokijua ni kile tunachomwambia. Binti yetu alisaidiwa na maneno mawili ya mama yake: koo la mwezi wa pili, na mkono unaotulia usingizini. Kwa hiyo:

Chukua kayee, andika tarehe. Ilianza siku gani? Ilianza polepole au ghafula? Kabla yake aliumwa nini: koo, homa, viungo vya mwili, kuumwa na mbwa, kuanguka? Alimeza dawa gani, za famasi au za kienyeji?

Mtazame akiwa macho, kisha mtazame akiwa amelala. Mikono ya korea hutulia kwa usingizi na huzidi mtoto akitazamwa au akiwa na woga.

Mwambie abane vidole vyako. Mwambie atoe ulimi na kuuacha nje. Mpe biki aandike jina lake, uweke karatasi hiyo na tarehe, umwandikishe tena baada ya juma moja. Karatasi mbili zinasema zaidi ya maneno mengi.

Kama kuna simu yenye kamera nyumbani, piga video fupi. Mtoto akifika mbele ya daktari, mara nyingine anatulia, na mama anaonekana mwongo.

Usimpige. Usimwache akachota maji na bido zito njiani, wala akakaribia makaa au sufuria ya mafuta, kwa maana anaweza kujiunguza.

Daktari naye ataagiza vipimo vya damu, kikiwemo kile kinachoitwa ASLO, kinachoonyesha kama mwili ulipigana na streptokoki. Lakini kwa sababu korea inachelewa, kipimo hicho kinaweza kurudi kizuri ingawa ugonjwa upo. Kwa hiyo mama asivunjike moyo akisikia "damu haina kitu". Ugonjwa huu unatambuliwa hasa kwa macho, kwa masikio na kwa maswali.

Matibabu, na pale tunapoanguka

Mikono yenyewe kwa kawaida inatulia ndani ya majuma au miezi kadhaa, hata kwa kupumzika tu. Kama mtoto hawezi kula wala kutembea, daktari anaweza kumpa dawa za kutuliza mienendo. Dawa hizo zina nguvu, tusizinunue sisi wenyewe sokoni wala kuazima kwa jirani.

Dawa ya kulinda moyo ni penisilini. Mtoto anapewa kwanza ya kuondoa streptokoki iliyobaki kooni, kisha sindano ya benzatini penisilini kila majuma manne, au matatu kama daktari ameona hivyo. Wauguzi wetu wengi wanaijua sindano hiyo kwa jina la Extencilline. Sindano hizo haziponyi mlango wa moyo uliokwisha kuharibika. Kazi yake ni kuzuia koo lingine, kwa maana kila koo jipya la streptokoki linaweza kuwaamsha tena wale askari, na kila shambulio linaongeza jeraha juu ya jeraha. Zinaendelea miaka mitano kwa uchache, na kama moyo umeguswa, miaka kumi na zaidi. Daktari ndiye anayesema mwisho.

Hapa ndipo tunapoanguka. Mwezi wa tisa binti alikuwa anaandika vizuri tena, anaimba tena. Mama yake akaniambia: "Madamu, amepona, sindano za nini tena?" Nilimwelewa. Sindano hiyo inauma sana, mtoto analia tangu usiku wa kuamkia siku yake. Na kwenda kituoni ni siku moja bila kuuza sambaza. Lakini mkono uliopona si moyo uliopona. Tulikaa naye, mimi na yule mama muuguzi, tukahesabu tarehe zote za mwaka na kuziandika ukutani kwa chaki, karibu na mlango. Wamama wawili wa mtaa wake walikubali kumchungia meza ya sambaza siku hizo. Tangu hapo hajakosa tarehe hata moja.

Siku ya sindano, mwambieni muuguzi kama mtoto aliwahi kupata upele au kuvimba kwa ajili ya penisilini. Baada ya sindano msikimbie, kaeni kituoni nusu saa, ili kama mwili unaikataa waone mapema.

Na wasichana hao wakikua, wasisahau historia yao. Korea inaweza kurudi wakati wa mimba, au kwa kumeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Binti aliyewahi kuugua amwambie mkunga tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya mikono na kwa sababu ya moyo.

Kuzuia ni rahisi kuliko yote. Mtoto mwenye koo linalouma na homa, hasa kama hana mafua wala kikohozi, aonwe na muuguzi. Kama ni streptokoki, penisilini ikianzishwa ndani ya siku tisa tangu koo kuanza inaweza kuzuia mambo haya yote. Akipewa vidonge vya siku kumi, avimalize siku kumi, hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Kukata kilimi hakuondoi streptokoki. Kunaleta damu na vidonda, na kunatupotezea zile siku tisa.

Kwa walimu wenzangu

Tunafundishwa katika chuo cha ualimu jinsi ya kuandaa somo na kutunza nidhamu. Hakuna aliyenifundisha kuuliza kama mwandiko uliobadilika ni ugonjwa. Lakini sisi ndio tunaoona mikono ya watoto kila siku kuliko mtu mwingine. Mwandiko ulioharibika ndani ya juma moja si uvivu. Uvivu hauji hivyo.

Mtoto wa namna hiyo tumwite mzazi wake, tusimwite mbele ya darasa. Tumpe mtihani wa mdomo badala ya kuandika. Tumkalishe karibu na ukuta, karibu na rafiki anayemwamini. Tuwaambie wenzake kwa maneno machache kwamba ni mgonjwa na atapona, na kwamba kumcheka ni dhambi. Watoto wanaelewa upesi. Darasa lile lile lililomcheka ndilo lililomwandikia masomo kwa zamu mpaka mwisho wa mwaka.

Kuhusu ulozi na maombi

Sitaki mtu aseme kwamba napinga maombi. Mimi mwenyewe naomba, na niliomba kwa ajili ya mtoto huyu. Lakini mtoto mgonjwa asifungishwe chakula, asipigwe ili pepo itoke, asitiwe pilipili machoni, asifungwe kamba. Mwili unaopigana na ugonjwa unahitaji uji na maji. Pasta mwenye hekima anasema: nendeni hospitali, mimi nitaomba. Asemaye acheni hospitali, tumwogope.

Na mtoto kuitwa mlozi si maneno ya mchezo. Katiba ya nchi yetu inakataza jambo hilo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu pamoja na faini kwa anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Wangapi kati ya watoto wanaolala barabarani, wale tunaowaita shege, walianza kwa neno kama lile la shangazi? Walikuwa na homa, au kifafa, au woga wa vita, na mtu mzima akawapa jina.

Mwisho wa mwaka

Binti yetu alipita darasa la tano. Sasa yuko la sita. Moyo wake unatazamwa kila baada ya miezi sita, na daktari anasema haujaongezeka ubaya.

Mimi nilikuwa na deni langu. Asubuhi moja, mbele ya darasa lilelile, nilimwomba msamaha. Nilisema kwamba alinieleza ukweli na mimi sikumsikiliza. Hakujibu kitu, alitazama chini. Mchana akaniletea kayee yake nisahihishe. Katika ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa zamani, juu ya mstari kabisa: "Madamu, mkono umerudi."

Wamama, mkiona mtoto amegeuka ghafula, wa kwenu au wa jirani, msingoje mkutano wa chama. Nendeni kituo cha afya, na kayee yenye tarehe mkononi. Mwenye kuogopa kwenda peke yake, aniite au amwite yule mama wetu muuguzi, tutamsindikiza.

Mwalimu wa darasa la tano, Bukavu